Leo Hakuna Shingo Upande

Alianguka saa sita kasoro, Mtaa wa Sikukuu,
kutoka ghorofa ya tatu, na ndoo ya chokaa nyuma yake.
Ndoo ilipiga kelele. Yeye hapana.

Mwinshehe, fundi plasta, mtu wa Matombo.
Ninamdai wali maharage wa siku tisa, umo daftarini,
na chapati mbili za Ijumaa, alizoapa kuwa ni moja.

Watu walijaa kabla vumbi halijatua.
Kariakoo haina upungufu wa mikono.
Huyu: mkalisheni! Yule: mmwagieni maji!
Mwenye guta keshageuza guta lake,
kijana kashika kwapa, mwingine kashika miguu
kama wanaohamisha kabati.

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.
Sauti ile sijui niliitoa wapi; nadhani ni ya marehemu mama
akifukuza mbuzi kwenye mpunga:
Mwacheni! Mtamkata uti wa mgongo!

Shuleni tulikariri kwamba uti wa mgongo ni kilimo.
Siyo. Ni vijifupa vilivyopangwa juu kwa juu
kama vikombe vya muuza kahawa,
katikati umepita uzi mmoja,
na uzi huo ukikatika, fundi wake hajazaliwa.

Kifua kimetulia kama gunia.
Nikaweka vidole viwili kooni: mshipa upo,
unapiga kama mtu anayebisha hodi
nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.
Moyo anao. Pumzi hana.

Nilifundishwa siku mbili tu, enzi za kiwanda cha nguo,
juu ya mwanasesere wa mpira asiye na miguu,
kinywa chake kikinuka spiriti, sisi tukicheka.
Mwalimu akasema: aliyeanguka, usimlaze kichwa nyuma.
Taya, si kichwa. Taya lije mbele, shingo ibaki ilipo.
Nikauliza, na nikisahau?
Akasema, siku hiyo hutasahau.

Nilihitaji mikono mingine miwili.
Aliyekuwa karibu ni Mndeme, msimamizi,
yule aliyeambiwa Jumatatu kuwa ubao ule umeoza
akajibu, wiki hii utatutosha.
Nilijua. Wote tulijua.
Piga magoti hapa, utosini kwake.
Viwiko chini. Vidole nyuma ya taya.
Lisukume juu. Kichwa kisicheze hata kidogo.
Leo hakuna shingo upande, Mndeme.

Nikabana pua, nikapuliza.
Kifua kikapanda.
Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Nikapuliza.
Ndevu zake zenye chokaa zikanichoma mdomo.
Jasho la Mndeme likamdondokea Mwinshehe shavuni
na hakulifuta, maana kufuta ni kuachia.
Muuza vitenge akatukinga jua kwa doti jipya.
Mwenye guta alisimama barabarani akizuia pikipiki
kwa kifua chake mwenyewe.
Wali uliungua, niliusikia,
nikapuliza tena.

Halafu, nikiwa nangoja tano,
ikaja pumzi ambayo si yangu.
Fupi. Yenye mikwaruzo, kama kiberiti kilicholowa.
Ikafuata ya pili.

Wa gari la wagonjwa walikuja na ubao wa rangi ya machungwa,
wakamfunga shingo, wakamwambia Mndeme: achia sasa.
Hakuweza.
Nesi alimkunjua kidole kimoja kimoja,
naye akawa analia bila kutoa sauti, mikono bado hewani,
imeshika kichwa ambacho hakipo.

Muhimbili wanasema dole gumba la mguu wa kushoto
lilitikisika juzi. Au shuka ndilo lilitikisika.
Wanasema tungoje.

Mimi nimerudi kwenye sufuria.
Nikionja chumvi, naonja chokaa.
Binti yangu alitaka kuuchana ukurasa wa Mwinshehe,
eti thawabu. Nikamnyang'anya daftari.
Acha deni la watu.
Atakuja kulilipa kwa miguu yake au kwa kusukumwa,
na ile chapati ya pili
tutabishana hadi kuche.